Mistari Mitatu ya Mhanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Paukwa, nimesema! Na wewe uliyeegemea nguzo, mdomo huna?

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitafuta kazi kama mnavyotafuta ninyi, ukame ulishuka mbugani. Mto ukakauka. Ziwa likawa tope, tope likawa vumbi. Baraza likatangaza: anatafutwa mchimba kisima! Atakayeipata kazi hiyo, watu wa nyumbani kwake watakunywa wa kwanza kila asubuhi.

Mhanga akasikia. Mnamjua Mhanga? Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe, chakula chake mchwa. Alikuwa bado kijana, hajaajiriwa hata siku moja. Nyumbani mama yake alikuwa amelala chini, ulimi umepasuka kwa kiu. Mhanga aliitaka kazi ile kufa na kupona.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kila mwombaji alipewa kigome kimoja cha mgunga. Kimoja tu! Kigome chenyewe kidogo, upana wa kwato ya nyati. Kilitosha kukwaruziwa mistari mitatu, mstari mmoja kwa kila kazi uliyoifanya. Kwaru, kwaru, kwaru, umemaliza.

Mhanga akakigeuza kigome chake. Niandike nini? Niache nini? Akaenda kwa Karani Tamba, yule ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya kisogoni kama kalamu. Huyo ndiye aliyewaelekeza vijana wote cha kuandika.

"Shikamoo, Mzee Karani."

"Marahaba. Umefanya kazi gani?"

"Nimechimba mashimo. Shimo la kichuguu. Shimo la mgunga uliopinda. Shimo la korongoni, lile refu lenye vyumba viwili."

"Nani alikuajiri?"

"Hakuna. Nilikuwa natafuta mchwa."

"Nani alikulipa?"

"Hakuna, mzee. Nikishamaliza, wenzangu wanahamia. Nungunungu amelala humo. Ngiri amelala humo."

Karani Tamba akacheka, ke-ke-ke. "Binti, hayo ni mambo ya nyumbani! Utaniaibisha. Hujawahi kuwa karibu na wakubwa?"

Mhanga akafikiri. "Niliwahi kumshikia Simba usinga harusini. Nusu siku."

"Andika!"

"Na niliandamana na msafara wa Twiga wa kuhesabu miti. Lakini nilisinzia njiani."

"Kusinzia usiandike. Msafara andika! Mstari wa tatu weka hivi: mchapakazi, mwaminifu, napenda kushirikiana na wenzangu."

"Na mashimo?"

"Achana na mashimo!"

Kwaru, kwaru, kwaru. Mhanga akaona aibu kwa vumbi lililokuwa kwenye kucha zake, akaondoka na kigome chake kizuri. Nikimkumbuka ndege yule natamani kumtupia kiatu.

Siku ya baraza ikafika. Mama Nyati alikaa mbele, uso umekunjamana, hana mchezo. Mhanga akaitwa. Mama Nyati akasoma. Akasoma tena.

"Usinga wa Simba?"

"Ndiyo, Mama Nyati."

"Kisima kinachimbwa kwa usinga?"

Baraza likaangua kicheko. Pundamilia alicheka mpaka akakaa chini. Mhanga akainamisha pua, akasogezwa pembeni.

"Anayefuata!"

Akaja Ngiri, mkia juu, kifua mbele. Mama Nyati akasoma kwa sauti: "Nimechimba shimo la kichuguu. Nimechimba shimo la mgunga uliopinda. Nimechimba shimo la korongoni, refu, lenye vyumba viwili."

Baraza likapiga makelele ya furaha. "Huyo! Huyo ndiye!"

Jamani! Hebu fikirini! Mhanga alihisi damu ikimpanda kichwani. Masikio yakasimama. Kucha zikaingia ardhini zenyewe.

"Mwongo! Mashimo yale ni yangu! Nimeyachimba kwa mikono hii!"

"Yako wapi kwenye kigome chako?" Mama Nyati akauliza.

"Hayapo."

"Kwa nini hayapo?"

Mhanga akamtazama Karani Tamba, aliyesimama kati ya watazamaji. Karani Tamba akatazama mawingu, na mawingu yenyewe hayakuwepo. Hasira ya Mhanga ikawa mara tatu: amkasirikie Ngiri mwizi, amkasirikie Karani mpumbavu, ajikasirikie mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomuuma zaidi, maana aliyakana mashimo yake kwa kinywa chake.

"Naomba kigome kingine."

"Kila mtu kimoja. Ndiyo desturi."

Mhanga akakipindua kigome chake. Hakuomba ruhusa. Kwaru! Shimo la kichuguu. Kwaru! Shimo la mgunga. Kwaru! Shimo la korongoni. Akakibwaga miguuni pa Mama Nyati, pwaa!

"Kasome huko nyuma! Halafu mwulize huyu bwana, ukiingia shimo la korongoni, chumba cha pili kiko mkono gani?"

Ngiri akatabasamu. "Kulia. Nalala mle msimu wa pili huu. Kila nikiingia, chumba kiko kulia."

"Kushoto," akasema Mhanga.

Korongo halikuwa mbali. Baraza zima likaondoka, vumbi tifu-tifu-tifu. Nguchiro akatumwa ndani. Akatangulia kwa kichwa, akapotea, akatoka anapiga chafya.

"Kushoto!"

"Haiwezekani!" Ngiri akabweka. "Ni kulia!"

"Ingia tuone," akasema Mama Nyati.

Ngiri akageuka. Akatanguliza makalio, akaingia kinyumenyume kama ngiri wote waingiavyo, uso nje, pembe nje. "Mnaona? Hiki hapa, kulia kwangu!"

Mhanga akacheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo.

"Nionyesheni mnyama anayechimba kwa makalio!"

Ngiri alifukuzwa pale pale. Mama Nyati akamgeukia Mhanga. "Binti, umetaka kutuua kwa kiu. Mbona hukuandika tangu mwanzo?"

"Niliona aibu. Hakuna aliyenilipa."

"Sisi tuliuliza umefanya nini. Hatukuuliza umelipwa nini. Kachimbe!"

Mhanga akachimba. Chaka-chaka-chaka! Akachimba kwa hasira, mawe yakiruka. Siku ya nne udongo ukalowa. Siku ya tano maji yakaja. Asubuhi yake mama yake akaletwa kisimani, anashikiliwa huku na huku. Wanyama wote wakasimama nyuma, wakangoja. Mama akanywa taratibu.

Karani Tamba akapenya katikati yao. "Mnaona? Kigome kile nilimwandikia mimi!"

Mhanga akampita bila salamu, akaenda kumshika mama yake ili asidondoke.

Basi ninyi mnaoandika barua za kazi, nawaambia bila kuficha: andikeni kazi mliyoifanya kwa mikono yenu, ile inayofanana na kazi mnayoiomba, hata kama hakuna aliyewalipa. Mkiionea aibu, yuko atakayeiandika kuwa yake. Usinga wa Simba uacheni huko huko harusini.

Hadithi yangu imekomea hapa, na koo limenikauka kwa kugomba.