Mgagani wa Mzazi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki mwisho wake mtautoa ninyi, kwa hiyo asisinzie mtu.

Katika kijiji cha Kwelugogo walikuwako wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake. Bi Chausiku alijua kutunza mbegu. Bi Siwatu alijua kuotesha. Hata kiangazi udongo ulimtii. Bi Mwantumu alijua kupika. Wote watatu hawakujaliwa mtoto.

Katika kijiji hicho hicho Sikudhani, mke wa Kaniki, alijifungua mtoto wa kiume, na damu ikamtoka nyingi mno. Akabaki kitandani. Hakulia, hakucheka, hakuuliza kitu. Mtoto alipowekwa kifuani pake, alimshika kama mtu anayemshikia jirani mzigo. Sauti za watu zilimfikia kama zinatoka ng'ambo ya mto. Ugali ulipita kinywani mwake usiache chochote.

Na desturi ya Kwelugogo ni hii: mtoto hatolewi nje mpaka mama yake aweze kusimama mlangoni kwa miguu yake. Siku hiyo mama humkabidhi mwanamke mmoja, mmoja tu, amtoe juani. Huyo huwa mama wa pili. Mtoto atamlimia, atamtunza uzeeni, na ndiye atakayemzika.

Tabibu wa zahanati alimpa Sikudhani vidonge vya kuongeza damu, akamgeukia mumewe.

"Anakula nini?"

"Ugali na kabichi."

"Kila siku?"

"Ndiyo mboga ya sokoni, Daktari. Zile nyingine tumezing'oa, tunalima nyanya."

"Kabichi si mbaya, ila peke yake haimtoshi mtu aliyepoteza damu. Vidonge ameze, na mtafutieni majani ya kijani yaliyokolea. Mgagani ungefaa sana, una madini ya chuma na vitamini. Sijui tu mtaupata wapi."

Na kiangazi kile Kwelugogo haukuwa umebaki hata mche mmoja.

Habari zilipomfikia Bi Chausiku, akateremsha kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, mahali ambapo moshi hufukuza wadudu. Humo mlikuwa na mbegu za mgagani, ule wenye majani matano yaliyotandazwa kama vidole. Si mnavu, siku hizi watu huchanganya majina. Miaka yote majirani walimcheka kwamba anaacha magugu yazae shambani, naye akayaacha yazae.

"Ndizo zote nilizo nazo," alisema. "Hizi zikifa, tutabaki na jina bila mboga."

Akazimimina zote kiganjani mwa Siwatu.

Bi Siwatu akazipanda palipokuwa zizi la mbuzi zamani, nyuma ya nyumba ya Kaniki, penye samadi iliyooza. Kilikuwa kiangazi, na kisima kilikuwa mbali. Alimwagilia mboga kwanza, mwenyewe akatumia maji yaliyobaki, na mara nyingi hayakubaki. Kila asubuhi Sikudhani alisikia ndoo ikitua nyuma ya ukuta. Hakujiuliza ni ya nani.

Majani yalipofaa, Siwatu akayachuma, akayachemsha kwa magadi ili yalainike, kisha akayakamua na kumwaga maji uani, kama wafanyavyo wengi. Sikudhani alikula siku nyingi asiinuke.

Ndipo Bi Mwantumu alipopita na kuyaona yale maji ya kijani yakienda ardhini.

"Shoga, unafanya nini?"

"Naondoa uchungu."

"Uchungu au mboga yenyewe? Mzazi anakula makapi, mchuzi wanakunywa kuku! Watazame walivyonona."

"Basi pika wewe, mwenye mdomo!"

"Nipishe."

Bi Mwantumu alikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Akayagandisha yote. Akayachemsha majani kwa muda mfupi, maji kidogo, bila magadi, wala hakumwaga tone. Akatia maziwa ya mgando yapunguze ukali. Akarudi kila siku, na kwake akalala na uji mtupu.

Sikudhani akameza tonge la kwanza.

"Kuna uchungu kidogo," akasema.

Kaniki aliweka sahani chini, maana tangu mkewe ajifungue hakuwa amesema lolote juu ya chakula.

Siku zikapita. Sikudhani akaweza kukaa. Asubuhi moja akasimama, mtoto mkono mmoja, mkono wa pili kwenye mwimo wa mlango. Nje wanawake watatu walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono.

"Bila mbegu zangu," alisema Bi Chausiku, "Siwatu angemwagilia vumbi."

"Na bila maji yangu, dada, ungezikwa na kibuyu chako."

"Nanyi nyote wawili," alisema Bi Mwantumu, "mngenonesha kuku."

Kaniki akamgeukia mkewe. "Sema wewe. Wewe ndiye uliyekula."

Sikudhani aliwatazama. Furaha ilikuwa haijafika bado. Alihisi uzito wa mtoto tu, na aliona kwamba wawili kati ya hawa watarudi kwenye nyumba zisizo na mtu wa kuwazika. Akamvusha mtoto kizingiti. Jua likamgusa nyayo. Mikono sita ikamsubiri, naye hakumwachia yeyote.

Wasikilizaji, mmoja alitoa mbegu zake zote, mmoja maji yake, mmoja maziwa yake. Mtoto hagawanyiki, na mama yake miguu imeanza kuchoka. Je, wewe ungemkabidhi nani?