Betri ya Sultani Ngwali

Hapo zamani, si zile za mababu wa mababu bali zamani za karibu, mitumba ilipokuwa imekwisha kuvuka nguo na viatu ikafika kwenye magari ya umeme, palikuwa na mji ukiitwa Mwambakoni, na mtawala wake akiitwa Sultani Ngwali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi wa kusadiki habari njema na mzito wa kusikia habari mbaya, na mtawala wa namna hiyo hakosi wa kumletea habari njema kila asubuhi.

Katika mji huo alikuwako mchukuzi mmoja, jina lake Tamimu, asiye na shamba wala duka. Alikuwa na mkokoteni, punda mmoja wa kijivu, na ulimi. Mkokoteni na punda vilimpatia chakula, na ulimi ukamfukuzia nusu ya wateja. Mkewe, Bi Mize, alimsihi mara nyingi ajifunze kunyamaza, naye akamjibu kwamba amekwisha kujaribu, ila akinyamaza sana huumwa na kichwa.

Ikawa siku moja Waziri Makungu alimletea Sultani gari. Lilikuwa la umeme, rangi ya maziwa, si lile dogo la kukaa chini wala si lori, bali la kimo cha katikati, ambalo mtu huingia bila kuinama na hushuka bila kuruka. Lilikuwa limetumika miaka minane katika nchi ya baridi, na mwenyewe wa kwanza, kwa maneno ya Waziri, alikuwa bibi kizee aliyelitumia kwenda kuwatazama wajukuu tu.

"Bwana wangu," akasema Waziri, "gari hili halinywi mafuta, halibadilishwi oili, halina moshi wala kelele. Likishanunuliwa limenunuliwa. Halitakudai kitu tena."

Sultani akafurahi, akalinunua, na mwezi wa kwanza akalizungusha mji mzima hata kuku wakalizoea. Mwezi wa pili mambo yakaanza kubadilika. Gari lilichajiwa usiku kucha, asubuhi likaonyesha limeshiba, lakini likifika nusu ya njia ya soko la Mlimani linaona njaa. Na kwa kuwa betri yake ilikuwa nzito kupita kiasi, likawa linatafuna matairi kama mtu anavyotafuna muwa. Kile kioo cha mbele ya dereva, kinachoonyesha chaji, kikawa kinazimika chenyewe, na kikizimika, milango haifunguki. Akaitwa fundi kutoka ng'ambo, akaja, akala ikuluni siku tatu, akatazama, akasema betri imezeeka, na kwamba betri mpya bei yake inapita bei iliyonunuliwa gari lenyewe. Kisha akaomba nauli ya kurudi.

Kila lilipokwama, aliitwa Tamimu na punda wake walivute mpaka ikuluni, kwa njia ya nyuma, watu wasione. Hakulipwa, kwa sababu kumlipa ingekuwa ni kukiri. Sultani alikuwa amekataza neno "limeharibika" lisitamkwe katika mji wake, ikawa watu wakisema, "Gari limepumzika."

Basi Waziri Makungu akatoa shauri, na shauri likawa amri: kila nyumba itoe mbuzi mmoja, mbuzi wauzwe, betri inunuliwe. Asiye na mbuzi atatoa mnyama aliye naye. Tamimu aliposikia akaenda kumtazama punda wake, kwani mnyama aliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyewalisha.

Kesho yake akaenda barazani, akapiga magoti, akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Sultani wetu, sikuja kupinga, nimekuja kuuliza. Hiyo betri mpya ikija, nayo itazeeka?"

"Kila kitu huzeeka," akajibu Sultani.

"Basi, bwana wangu, tuwaambie na mbuzi watakaozaliwa mwaka huu wasizoee sana nyumbani."

Watu barazani wakatazama miguu yao. Waziri akasimama kwa hasira. "Huyu anasema gari limeharibika."

"Sikusema hivyo, mheshimiwa. Nimesema linapumzika. Nami nimelivuta mara kumi na moja likiwa limepumzika, kwa hiyo naujua uzito wa usingizi wake. Ninachosema ni kwamba linaweza kufika sokoni bila betri mpya."

Alilolisema hakuwa amelifikiria. Lilimtoka tu, kama yalivyomtoka mengi kabla yake. Sultani akainama mbele, akamkazia macho.

"Vema. Gari langu litatoka ikuluni mpaka soko la Mlimani na kurudi, siku saba mfululizo, nami mwenyewe nikiwa ndani. Litakwenda kwa umeme, si kwa mafuta. Hutanunua betri, hutatia kifaa chochote kipya. Ukiweza, amri ya mbuzi nitaifuta. Ukishindwa, punda wako na mkokoteni wako ni wangu, na wewe utaondoka Mwambakoni."

Tamimu akauliza, "Na umeme ukikatika njiani, bwana wangu? Maana katika mji wetu umeme hukatika."

"Ukikatika tutasubiri urudi," akasema Sultani, "kama watu wote wanavyosubiri."

"Naomba iandikwe."

Kadhi akaandika neno kwa neno, Sultani akatia muhuri wake.

Tamimu akarudi nyumbani, akamkuta Bi Mize amekwisha kusikia, kwani habari ya namna hiyo haingoji mtu aifikishe. Alikuwa ameketi mlangoni na mikono imelala mapajani.

"Umemshika punda wetu kwa mkono wako mwenyewe ukaenda kumkabidhi," akasema.

"Angechukuliwa keshokutwa, mke wangu. Sasa angalau tunaye siku mbili tatu zaidi."

Tamimu akaenda kumtilia punda majani, akasimama pale akimtazama anavyotafuna bila wasiwasi, na moyo ukamwuma. Miaka sita alikuwa amempakia chokaa, mbao na magunia ya watu wengine, naye punda hakuwahi kumtupa hata siku moja. Kisha akageuka.

"Mize, huyu tunamwita nani?"

"Tunamwita punda. Tumwite nani?"

"Miaka sita yote, na hatujampa jina. Si haki."

Asubuhi yake akaenda kwa kadhi, akaomba punda wake aandikiwe jina katika daftari, apewe na cheti. Kadhi akauliza jina. Alipoambiwa, akakohoa kwa muda mrefu nyuma ya kiganja chake, kisha akaandika, akagonga muhuri, wala hakumwambia mtu, kwa kuwa si kazi ya kadhi kueneza habari za watu.

Siku ya kwanza ikafika. Watu wakajaa mbele ya ikulu. Sultani akaingia garini, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini. Tamimu akatokea na punda wake, akamfunga mbele ya gari kwa kamba ileile iliyochakaa aliyomvutia siku zote. Kadhi akaishika ile kamba, akaikagua, akathibitisha kwamba si kifaa kipya.

Waziri Makungu akapaza sauti. "Huu ni udanganyifu. Mkataba unasema umeme, na huyu ameleta punda."

"Mheshimiwa kadhi," akasema Tamimu kwa upole, "nakuomba uwasomee cheti."

Kadhi akafunua karatasi. "Punda dume, wa kijivu, mali ya Tamimu mchukuzi wa Mwambakoni. Jina lake, Umeme."

Kikaanza kicheko upande wa wauza samaki, kikasambaa kama maji yaliyomwagika sakafuni. Sultani akaona damu inampanda usoni, akashika kitasa cha mlango ateremke. Lakini mkono ukasita, kwa sababu alikumbuka alivyosema mwenyewe: nami mwenyewe nikiwa ndani. Akakiachia kitasa.

"Muhuri ni wangu," akasema. "Twende."

Basi gari likaondoka, bila moshi wala kelele, kama Waziri alivyoahidi. Tamimu akatembea kando ya punda, na moyo wake haukutulia, maana alijua kwamba Sultani aliyechekwa anaweza kumaliza siku saba kisha akamaliza na aliyemfanya achekwe. Wakapita mtaa wa waseremala, wakapita kisima, wakaanza kupanda mlima. Katikati ya mlima punda akasimama. Akavutwa, akakataa. Akabembelezwa, akakataa.

"Kuna nini?" akauliza Sultani dirishani.

"Umeme umekatika, bwana wangu."

Sultani akamtazama. Akatazama mlima. Kisha akaegemea kiti chake, akasubiri.

Waliposimama palikuwa mbele ya nyumba ya mjane mmoja, Bi Zawena, aliyekaanga vitumbua kizingitini. Alipomwona Sultani ameketi juani hakuuliza sababu. Akamimina kahawa katika kikombe, akatia vitumbua viwili kwenye kisahani, akampelekea.

"Karibu, bwana. Miezi yote uliyopita hapa tuliona vumbi tu. Leo tumekuona uso."

Sultani akala kitumbua kimoja, akakisifu. Akauliza mbona hakina nazi nyingi kama vya ikuluni.

"Nazi ipo, bwana. Kilichokosekana ni maziwa. Mbuzi wangu walikuja kumchukua jana."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na hilo lilimchoma Sultani kuliko kama angelia. Akakishika kile kitumbua cha pili akawa hakili. Alikuwa amewawaza mbuzi kama hesabu ya betri, hakupata kuwawaza kama maziwa ya mtu.

"Ulikuwa nao wangapi?"

"Huyo mmoja."

Muda kidogo punda akatikisa masikio, akaendelea mwenyewe. Wakafika sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili gari la Sultani kufika soko la Mlimani, na wachuuzi wakaliachia njia kwa heshima zote, ingawa wengine iliwabidi wajifunike vitambaa mdomoni kuficha kicheko.

Sultani akateremka, akamwita Tamimu kando. Tamimu akaenda akijua kwamba sasa ndipo atakapoadhibiwa.

"Niambie kweli. Huyu punda wako ulipomnunua, ulijuaje kwamba hatakutupa?"

Tamimu akashangaa, kwani alikuwa amejiandaa kwa swali jingine. "Nilimfungua kinywa nikatazama meno, bwana wangu. Nikampakia mzigo nikatembea naye kutwa nzima, maana punda akiwa mtupu wote ni wazuri. Nikauliza anakula nini kwa siku, na akiugua anatibiwa na nani, na huyo wa kumtibu anakaa mji gani. Na sikumwuliza aliyemuuza. Nilimwuliza jirani yake."

"Na gari?"

"Gari nalo lina meno, nayo ni ile betri. Kuna chombo cha kuipimia, hata yule fundi wa ng'ambo alikuja nacho mfukoni. Lingepimwa kabla ya kulipwa. Bwana wangu, gari lenyewe si baya. Ni zee, limeuzwa kwa jina la kijana."

Sultani akamgeukia Waziri Makungu. "Jirani wa yule bibi kizee ulimwuliza?"

Waziri akaanza kulitazama tairi la nyuma kwa makini, kana kwamba ndilo lililoulizwa. Ikajulikana baadaye kwamba bibi kizee hakuwapo, wala wajukuu wake, na kwamba yule muuzaji alimpa Waziri saa ya mkononi.

Jioni ileile mbuzi wote wakarudishwa majumbani, na amri ikafutwa. Watu wakadhani safari zimekwisha, lakini Sultani akasema mkataba ni siku saba. Akapanda siku ya pili, na ya tatu, mpaka ya saba, na kila Umeme alipokatika, alishuka akaongea na waliokuwa karibu. Akajua kisima kipi kina maji ya chumvi na mtaa upi hauna taa. Watu nao wakaacha kucheka, wakawa wanamsubiri. Waziri Makungu akaamriwa kukata majani ya punda siku zote saba, na saa yake ya mkononi akaachiwa, ili ajue kwa hakika alianza saa ngapi.

Siku ya saba Sultani akamwita Tamimu barazani, mbele ya watu wote.

"Tamimu, nilikuwekea sharti lisilowezekana ukalitimiza. Umeniokolea mbuzi wa watu na heshima yangu. Imenipasa nikupe zawadi inayolingana na hayo." Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Nakupa gari. Kuanzia leo ni lako, na matairi yake, na kioo chake, na betri yake."

Tamimu akaanguka kifudifudi.

"Bwana wangu," akasema, "kama nilikukosea, nichape bakora. Kama kosa ni kubwa, nifukuze mji. Lakini nina mke, usimtie umaskini kwa ajili ya ulimi wangu."

Hapo Sultani Ngwali akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na baraza zima likacheka pamoja naye, na kadhi, ambaye hakuonekana akicheka tangu ateuliwe, akalazimika kutoka nje. Alipopata pumzi, Sultani akampa Tamimu shamba dogo la mahindi na malipo ya mara zote kumi na moja. Gari akapewa mkunga wa mji, kwa kuwa nyumba zake za kuzalisha zilikuwa karibu karibu, na mwendo mfupi betri bado iliumudu.

Bi Mize alipoambiwa habari ya ile zawadi ya kwanza, alikaa chini kwanza ndipo akauliza, "Na ulikataa?"

"Kwa nguvu zangu zote."

"Basi," akasema Bi Mize, "leo kwa mara ya kwanza huo ulimi umefanya kazi."

Habari yangu imefika ilikokuwa ikienda, nami nashusha mzigo hapa.