Kiti cha Ndiye Mimi

Kisa kinabisha hodi!

"Kikaribie!"

Kimetoka mbali, kina vumbi miguuni!

"Kikae, kipumzike!"

Kitakula nini?

"Masikio yetu!"

Haya. Lakini mikono iendelee kupukuchua mahindi, maana kisa changu hakijawahi kumzuia mtu kufanya kazi. We Sikudhani, mjukuu wangu, hilo gunzi bado lina punje. Usilitupe.

Ilikuwa kale, kale ile ambayo hata bibi yangu mimi aliisikia kwa bibi yake. Palikuwa na mji ukiitwa Yumbeni, na malenga wa nchi zote wakiuendea. Walikuja malenga wa nchi ya mchanga, ambako mtu huoga siku ya kuoa na siku ya kufa basi. Msicheke, ndivyo nilivyosimuliwa. Walikuja malenga wa milimani, wanaotaja ng'ombe kwa majina na ukoo wao hadi ng'ombe wenyewe wanageuza shingo. Walikuja na wa mikokoni, watu wa pwani, ambao hata wakigombana na jirani wanagombana kwa vina.

Walifuata nini? Walifuata kiti. Kiti cha mpingo, kimewekwa barazani kwa mfalme, upande wa kulia. Anayekikalia ndiye malenga wa malenga. Anakula sahani moja na mfalme, na akipita njiani watu wazima wanampisha.

Sasa sikilizeni kiti hicho kilivyokuwa kikigombewa, maana hapo ndipo penye kisa chote. Hapakuwa na kushindana kwa sauti, wala kwa sifa za mfalme. Mtu akikitaka kiti, sharti aende kwao yule anayekikalia. Ale huko, alale huko, aulize huko. Kisha arudi Yumbeni, asimame mbele ya watu wote, aimbe maisha ya mwenye kiti. Hakuna mwamuzi. Mfalme mwenyewe hana neno. Anayeamua ni yule yule anayeimbwa. Akiona ameimbwa yeye hasa, anasimama, anasema, "Ndiye mimi," na kiti kimekwenda. Akiona siye, anabaki amekaa, anasema, "Simo humo," na mgeni anafunga mzigo wake.

Na wewe Mbwana hapo, unasemaje? Akidanganya je? Akidanganya, amedanganya! Nani atamshika? Wazee wa Yumbeni waliamini malenga wa kweli hawezi kusikia maisha yake yakisemwa sawasawa na akabaki amekaa. Mimi naona waliwaamini malenga kupita kiasi. Lakini mji ulikuwa wao, na kiti chao.

Enzi za kisa hiki kiti kilikuwa kimekaliwa na Luhende. Alikuwa mtu mrefu, mtanashati, kilemba kimekaa sawa, na ulimi, jamani, ulimi wa Luhende! Akisema "mvua" watu wanaangalia juu. Na yeye aliwaambia watu kwamba kwao ni Ntambiko, mji wa malenga, na kwamba baba yake alikuwa malenga wa mfalme wa huko, amekufa zamani, Mungu amrehemu.

Akaja Sabihi, kutoka nchi ya mchanga. Akaenda Ntambiko, akauliza, "Mnamjua Luhende?" Nani angesema hamjui mtu maarufu vile? Wote walimjua! Huyu alimbeba mgongoni, huyu alimnyonyesha, huyu alimfundisha ubeti wa kwanza. Sabihi akarudi Yumbeni, akaimba vizuri mpaka watu wakapiga vigelegele.

Luhende akamtazama, akasema, "Simo humo."

Sabihi akafunga mzigo.

Akaja Rugira, kutoka milimani. Naye akaenda Ntambiko, naye akarudi na baba malenga, na shangazi malenga, na hata mbuzi wa nyumbani kwao mwenye kulia kwa mizani. Akaimba, watu wakapiga vigelegele.

Luhende akamtazama, akasema, "Simo humo."

Rugira akafunga mzigo.

Na mnajua? Luhende hakuwa amesema uongo pale kitini. Kweli hakuwamo! Hakuwahi kukanyaga Ntambiko hata siku moja. Kwao kulikuwa Uvumbo, kule bara, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Baba yake aliitwa Kasanda. Hakuwa malenga, alikuwa mpika chumvi, na tena alikuwa na kigugumizi. Kumsalimu mtu tu, mpaka amalize, yule mtu ameshavuka mto. Luhende alipofika Yumbeni akiwa kijana, walimuuliza, "Wewe mwenye maneno matamu hivi, baba yako nani?" Akaona haya kumtaja. Akajibu jibu moja tu la haraka, na jibu lile likaota mizizi. Mwaka ukapita, na mwingine, na wa tatu, na kadiri alivyopanda ndivyo ilivyokuwa vigumu kushuka. Salamu hakutuma. Chumvi alikula, lakini ya wengine.

Basi akaja mwanamke wa mikokoni, Mwana Mize. Mtu mzima, mfupi, mpole, lakini macho yake hayakosi kitu. Siku ya kupokewa, wakaandaliwa chakula: mfalme, Luhende, na Mwana Mize. Bakuli la chumvi likapitishwa. Luhende akatia vidole, akachukua chembe chache, akazisugua, akazinusa, akaweka moja ulimini. Akakunja uso.

"Chumvi hii imeepuliwa mapema," akasema. "Bado ina uchungu wa majivu."

Mfalme akacheka. "Malenga wangu, kumbe na jikoni umo!"

Luhende akacheka pia, akabadilisha mazungumzo. Lakini neno limeshatoka. Wanangu, mpika chumvi ndivyo alivyo. Anaweza kuficha jina lake, anaweza kuficha kwao, lakini akipewa chumvi mbaya hawezi kunyamaza! Mwana Mize aliendelea kula wali wake. Kesho yake walimwonyesha njia ya Ntambiko, akashukuru, akashika njia ya bara.

Luhende alipoambiwa ni njia ipi aliyoshika, chakula kilimshinda.

Alingoja. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena. Akajipa moyo: labda amepotea, labda wakwe wamemwita, labda ameliwa na simba, Mungu anisamehe. Aliwaza, "Nikisimama siku hiyo, nitakuwa nani? Watasema malenga wa malenga ni mwongo. Sahani ya mfalme basi. Nyumba basi. Nikikaa, hakuna atakayejua." Akaamua atakaa. Akajifunza kusema "Simo humo" peke yake chumbani, mbele ya kioo, sauti isitetemeke.

Sikudhani, mbona umeacha mahindi? Pukuchua, mwanangu, anakuja sasa hivi.

Mwana Mize akarudi. Ikapigwa mbiu, watu wakajaa barazani baada ya alasiri, wengine juu ya kuta. Mfalme akaketi. Luhende akaketi kwenye mpingo wake, kilemba kimekaa sawa. Mwana Mize akasimama katikati na hakuinua sauti. Akaanza polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto:

*Palikuwa na mzee,*
*moto wake achochee,*
*na mwanawe amlee*
*kwa chumvi yake chunguni.*

*Maneno hakujaliwa,*
*ulimi ulifungiwa;*
*mwana alipotakiwa,*
*alimbeba begani.*

Luhende akashika mikono ya kiti. Alikumbuka. Alikuwa mdogo, kijiji cha pili kulikuwa na mwalimu wa kughani aliyekuwa akitaka mwanafunzi, na mto ulikuwa umejaa. Baba yake alimweka begani, akavuka naye, maji ya kifuani, kwenda na kurudi, msimu mzima wa mvua. Luhende hakuwahi kumwambia mtu. Mwana Mize akaendelea:

*Mwana akapata kiti,*
*babaye hamtafuti,*
*wala jina halileti,*
*naye yu hai nyumbani.*

Akanyamaza. Hapakuwa na vigelegele. Watu wakawa wanatazamana. "Mpika chumvi? Si alisema malenga wa Ntambiko?" Mfalme akageuka, akamtazama Luhende.

"Malenga wangu, tunakusikiliza."

Luhende akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo tayari, si alishajifunza? Lakini hayakutoka. Ulimi ule, uliokuwa ukiwafanya watu watazame juu, ukakaa tu mdomoni. Minong'ono ikazidi. Mmoja juu ya ukuta akapiga kelele, "Sema, bwana! Baba yako ni mpika chumvi?"

Hapo ndipo palipotokea vurugu nyuma kule kwa wapagazi. Mzee mmoja akawa anajipenyeza, anasukuma watu kwa viwiko. Shati limechakaa, mikono ina makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Alikuwa amembebea Mwana Mize mzigo kutoka Uvumbo. Alikuwa amemwomba, "Nichukue, mama, nikamwone kwa mbali tu, nirudi." Akafika katikati, akasimama kati ya kiti na watu, akamwonyesha Luhende kidole.

"H-h-huyu," akasema. "Hu-hu-huyu s-s-si..."

Watu wakaanza kucheka. Yumbeni kote hawakuwahi kusikia mtu akikwama namna ile barazani kwa mfalme. Mzee hakujali. Akafumba macho, akakusanya nguvu zake zote.

"S-si mwanangu! M-mama huyu amek-k-kosea. W-wangu alik-k-kufa. Huyu b-bwana mkubwa mimi si-si-simjui. M-m-mwacheni akae!"

Mnaona alichofanya? Alimwona mwanawe amebanwa, hana pa kutokea. Akamtafutia njia. Mtu aliyetembea siku zote zile akimtamani mwanawe, akafika, akamkana, ili asiondolewe kitini. Na watu bado wakawa wanacheka, wakimwigiza: "S-s-si-simjui!"

Mbwana, futa pua.

Sasa Luhende amepata alichokitaka. Mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ni mzee mwenyewe. Kilichobaki ni maneno mawili: Simo humo. Amwache yule mzee arudi akichekwa, naye abaki na mpingo wake.

Luhende akasimama.

Akasimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ndiye mimi," akasema. Sauti ilitetemeka, wala hakuizuia. "Ndiye mimi! Ntambiko sikujui, niliwadanganya. Na huyu mnayemcheka ndiye Kasanda, baba yangu. Mto ulipojaa alinivusha yeye. Maneno yangu yote mnayoyapenda, nilivushwa kwenda kuyachukua."

Akavua kilemba, akakiweka juu ya kiti kilichoanguka. Akateremka, akapiga magoti mbele ya mzee, akamshika miguu.

"Shikamoo, baba."

Mzee akataka kuitikia. "M-m-mar... m-mar..." Haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Akaacha, akamwekea mkono kichwani. Na safari hii hakuna aliyecheka.

Mfalme alitaka kumbakiza. Akasema, "Malenga wangu, uongo nimeusamehe, kaa hata kwenye mkeka." Luhende akakataa kwa adabu. Desturi ni desturi. Mwana Mize akainua kiti, akakifuta vumbi, akakikalia, na alikikalia kwa haki mpaka alipokuja mwingine akamwimba, naye akasimama. Hilo halina tatizo.

Baba na mwana wakatoka Yumbeni siku ile ile. Mzee alikuwa amechoka, miguu imevimba, kwa hiyo walipofika kwenye mto, Luhende akainama bila kusema kitu. Mzee akapanda begani. Wakawa katikati ya maji ndipo mzee akaanza kuongea.

"Ch-chumvi yao," akasema.

"Mbaya sana, baba. Wanaepua mapema."

"Ni-ni-nilijua," akasema mzee, na wakavuka.

Luhende aliishi Uvumbo akipika chumvi, akitunga huku akikoroga, akiwaghania wanaongoja chungu kichemke. Alipokufa walimzika kando ya Kasanda. Zile tungo zake za kitini, za kusifu wafalme, zote zimesahauliwa. Kilichobaki ni hicho mlichokisikia, na si utungo wake, ni wa Mwana Mize.

Nini, Sikudhani? Uliza kwa sauti.

"Bibi, baba yake si alikuwa ameshamwokoa? Mbona asinyamaze tu?"

Wewe ungenyamaza?

Unatikisa kichwa. Haya. Ndilo funzo lenyewe, sina jingine la kuongeza. Mtu aliyekuvusha, akitajwa mbele za watu, usingoje waache kucheka. Simama. Hata kama umekalia mpingo.

Kisa kimevaa viatu, kinaondoka!

"Kisindikizwe!"

Utamu wake kimewaachia nyie, vumbi lake limebaki kwangu. Na hayo magunzi yapelekeni jikoni, mama yenu ana moto wa kuchochea.