Vigingi vya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jiwe!

Likikaliwa na nani?

Likikaliwa na pimbi, wanangu, pimbi wengi kama siafu.

Hapo zamani za kale, wanyama waligawana nchi kwa kanda. Kila kanda ilichagua mmoja wa kuisemea kwenye Baraza la Maji. Pimbi wa jiwe kubwa walikuwa kanda moja, na kila mwaka walimchagua bibi yao, Bi Chenga. Meno hakuwa nayo, lakini mdomo alikuwa nao! Ndiye aliyekataa kisima kisifungwe, na wadogo wote wakanywa.

Fisi alikitamani kisima kile. Akaomba kazi ya kupima mipaka, akapewa. Sasa pimbi mnawajua, manyunyu yakianza hawatoki pangoni. Basi Fisi akangoja manyunyu.

"Hodi! Shikamoo, bibi. Leo napima mpaka, njooni mshuhudie."

"Marahaba. Manyunyu haya, baba? Nenda tu, tunakuamini," akajibu Bi Chenga.

Fisi akapiga vigingi. Pimbi wa juu wakaangukia kanda ya nyati.

Manyunyu ya pili, hodi! "Nenda tu, baba." Pimbi wa chini wakaangukia kanda ya nyani.

Manyunyu ya tatu, hodi! "Nenda tu." Kigingi kikapigwa mlangoni mwa Bi Chenga mwenyewe. Binti yake Siwema akatolewa, akaangukia kwa nyati, fisi wote wa bondeni wakaingizwa.

Siku ya kuchagua, kila mmoja alisimama nyuma ya amtakaye. Nyuma ya Fisi, fisi thelathini. Nyuma ya Bi Chenga, pimbi wanne. Akageuka.

"Wanangu wako wapi?"

"Tupo, mama!" Siwema akalia ng'ambo ya vigingi. "Tupo wengi! Lakini huku wengi ni nyati!"

Fisi akaketi barazani, akakifunga kisima. Kiangazi kikakaza. Mtoto wa Siwema akafa kwa kiu, hatua kumi kutoka majini. Bi Chenga akampakata mjukuu wake, akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Mwizi mkubwa yule!" wakasema pimbi.

"Mwizi habishi hodi," akasema Bi Chenga. "Huyu alibisha mara tatu, nami nikamjibu nimekaa pakavu."

Ndiyo maana wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mpaka ukipimwa, wanangu, tokeni mkalowe.

Ngano yangu imekoma. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mimi.