Nguchiro na Sifa za Bonde la Chamare

"Paukwa."

"Pakawa."

"Palikuwa na mto."

"Ukawa na mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa nani?"

"Mwenye tumbo."

Haya, tulieni. Na wewe uliye pale nyuma acha kwanza kutafuna, maana hadithi hii inamhusu mlafi, na si adabu kumsema mtu huku unamwiga.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na binadamu bado wanaulizana mpini wa jembe unashikwa upande gani, palikuwa na bonde, na katikati ya bonde ulipita mto Chamare. Bonde hilo lilikuwa jema. Kila masika mto ulifurika, ukapanda mashambani, ukakaa, ukarudi zake, ukaacha tope jeusi. Ukichomeka fimbo ya kuchungia kwenye tope lile, hujamaliza kupiga chafya imeshatoa jani. Mpunga uliota, miwa iliota, maboga yalitambaa mpaka njiani yakawakwaza wapita njia. Ukindu wa kusukia mikeka ulikuwepo, udongo wa kufinyangia vyungu ulikuwepo, na nyuki walikuwa wakijaza mizinga bila kubembelezwa.

Lakini na Kiboko alikuwepo.

Wakulima wa zamani walilima, Kiboko akala. Wakalima tena, Kiboko akala tena. Mwishowe wakafunga virago wakahamia milimani, na Kiboko akabaki peke yake na majani. Alijaribu kula majani. Akatafuna, kafu kafu kafu, akatema. Ulimi ulikwisha kuonja mpunga, na ulimi ukishaonja haurudishwi nyuma.

Basi akamwita Nguchiro. Huyu Nguchiro alikuwa mdogo wa umbo, mrefu wa mkia, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Alizaliwa pale pale Chamare, kwenye kichuguu kilicho juu ya ukingo.

"Wewe unajua kusema," Kiboko akamwambia.

"Nasema kidogo tu, mzee."

"Nenda kivukoni, pale njia ya nyikani inapokutana na mto. Wanapita watu pale na njaa zao. Waambie habari za bonde letu washuke walime. Wakishuka, mimi nitakukorogea tope, kambale waibuke, ule ushibe."

Nguchiro alikuwa akipenda kambale kuliko alivyompenda shangazi yake, na shangazi ndiye aliyemlea. Akaenda.

Alikaa kivukoni juu ya jiwe, na kila aliyepita alimwimbia hivi:

"Udongo? Mweusi. Maji? Hayakauki. Mwenyeji? Mkarimu, hana mfano."

La udongo lilikuwa kweli, na la maji lilikuwa kweli. La tatu alilisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Sasa lazima niwape desturi ya Chamare, maana bila hiyo hadithi haiendi. Kule mtu hawi mwenyeji kwa kuzaliwa. Mwenyeji ni yule aliyekula chakula cha shamba alilolilima mwenyewe. Kabla ya hapo ni mgeni, na mgeni hachimbi ukingo wa mto, hazungushi ua, wala hamhoji mwenyeji. Kiboko aliijua desturi hiyo vizuri sana. Alihakikisha anakula yeye kwanza, mpunga ukiwa ndio unaanza kuinamisha vichwa, ili wageni wabaki wageni na midomo yao ibaki imefungwa. Yeye mwenyewe alijiita mwenyeji mkuu. Alilima lini, wapi? Hapakuwa na mwenye ubavu wa kumuuliza.

Siku moja akapita Bi Kanga na vifaranga wake, na nyuma yake jirani yake Ngiri amebeba jembe begani. Kwao nyikani mvua ilikuwa imewasusia. Nguchiro akasimama juu ya jiwe.

"Udongo?" akasema. "Mweusi. Maji? Hayakauki. Mwenyeji?"

"Eeh, mwenyeji je?" Bi Kanga akauliza.

"Mkarimu, hana mfano."

Wakashuka. Kiboko akawapokea kwa tabasamu pana, na tabasamu la Kiboko mnalijua, unaweza kuingiza kitanda. Akawapa maji, akawapa kivuli. Kisha akacheka akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nanyi mmekuja nalo, mmenipunguzia kazi."

Wakalima. Ngiri alifukua kwa jembe na kwa pembe, ndi ndi ndi, na Bi Kanga akapanda nyuma yake, tik tik tik. Mpunga ukaota, ukanenepa, ukainama. Jua likazama, likachomoza, na shamba likawa jeupe kama kichwa kilichonyolewa. Katikati yake palikuwa na nyayo, kila mmoja unatosha kuogeshea kifaranga.

"Mzee," Ngiri akasema kwa adabu, "nyayo hizi..."

"Ni zangu," Kiboko akajibu. "Nilikuja kumfukuza mwizi. Au mgeni unamhoji mwenyeji?"

Ngiri akainamisha kichwa. Bi Kanga akakusanya vifaranga wake. Kiboko akaenda akakoroga tope kama alivyoahidi, kambale wakaibuka, na Nguchiro akala mpaka tumbo likamwuma.

Alikuwa amelala juu ya kichuguu chake akijipangusa masharubu, mara akamwona Bi Kanga anapanda. Nguchiro akajua anakuja kushtaki, akaanza kutayarisha maneno. Lakini Bi Kanga alikuwa amebeba mkeka mpya wa ukindu, mweupe, ukingo wake umepambwa kwa mistari myekundu.

"Nimekusukia," Bi Kanga akasema. "Sina chakula cha kukuletea, kaka yangu, shamba limetutupa mkono. Lakini siwezi kukaa bila kukushukuru."

"Kunishukuru kwa lipi?"

"Kwa kutuonyesha nchi. Udongo kweli mweusi. Maji kweli hayakauki. Mwaka huu tumepata bahati mbaya ya mwizi, lakini mbegu kidogo zimebaki. Tukizipoteza na hizi basi tena, ila mwenyeji wetu ameahidi kutulindia vizuri zaidi." Akamwekea mkeka miguuni. "Na dada zangu nimewatumia salamu kule nyikani, nao wanakuja na watoto wao. Nimewaambia huyu aliyetuita hasemi uongo."

Kifaranga mmoja alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake. Shingo yake ilikuwa nyembamba kama uzi wa kusukia. Alimtazama Nguchiro, akatazama na mafuta ya kambale yaliyokuwa bado yanang'aa kwenye masharubu.

Aibu ilimpanda Nguchiro kuanzia kwenye kucha. Iliingia magotini, ikaingia tumboni ikawakuta kambale, ikafika usoni. Bi Kanga akaaga akateremka. Nguchiro hakuukalia ule mkeka. Aliukunja akaulaza pembeni, kisha yeye akalala chini kwenye vumbi, na hata vumbini hakuona raha.

Kulipokucha akamwendea Kiboko.

"Mzee, nina habari za kivukoni. Kuna wageni wakubwa wanakuja. Watu wa miwa."

Kiboko akainua masikio. "Miwa?"

"Miwa, mzee. Wanalima mlima na mlima, na sukari guru wanapika wenyewe. Lakini hawa si wa kuimbiwa kama Kanga. Wanasema bonde lisilo na mfereji hawashuki. Wanataka kuona mfereji kati ya mto na mashamba, kutoka jabali la juu hadi jabali la chini, na udongo wake wote urushwe upande wa mashamba, liwe tuta la kuonekana kwa mbali."

"Waambie wageni wachimbe."

"Mgeni hachimbi ukingo, mzee. Desturi."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, maana njia ilikuwa ndefu. "Basi chimba wewe."

"Kwa kucha hizi? Mfereji utakwisha wajukuu zako wameota mvi, na miwa imekwenda bonde jingine."

Neno hilo lilimwingia Kiboko. Akashuka, akapachika meno yake ukingoni, akaanza. Gubu gubu gubu, tifu. Gubu gubu gubu, tifu.

"Wamefika?" akauliza.

"Wako njiani, mzee."

"Mfereji wataupenda?"

"Wataupenda. Ila kina bado kidogo."

Gubu gubu gubu, tifu.

"Wamefika?"

"Wako njiani, mzee."

"Watanisifu?"

"Watakusifu. Ila upana bado kidogo."

Gubu gubu gubu, tifu.

"Wamefika?"

"Wako njiani, mzee. Ila tuta bado kidogo."

Na kila jua lilipozama, Kiboko alikuwa hoi. Mikono ilimuuma, shingo ilimuuma, alianguka mle mle mferejini akakoroma, hakukumbuka shamba la mtu. Huku nyuma Ngiri na Bi Kanga walikuwa wamepanda mbegu zao za mwisho. Mpunga ukaota, ukanenepa, ukainama.

Nguchiro alikaa juu ya tuta akimsimamia mchimbaji. Mtadhani alikuwa akifurahi. Alicheka kidogo, ndiyo, nani asingecheka? Lakini kila alipoyasikia maneno yake mwenyewe, "watakusifu, wataupenda," aliona ni yale yale aliyowaimbia wenzake kivukoni, ni masikio tu yaliyobadilika, na kicheko kikamkauka.

Mfereji ulipokwisha, Kiboko akabomoa mwenyewe kizibo cha mwisho. Maji yakaingia, chubwi, yakajaa toka jabali hadi jabali. Kiboko akaogelea humo akijipongeza. Ndipo upepo ukamletea harufu ya mpunga ulioiva. Njaa ya siku zote zile ikaamka kwa pamoja.

Akaogelea hadi kwenye tuta, akaweka mguu wa mbele. Pwata, ukateleza. Akaweka wa pili. Pwata. Akajisukuma kwa tumbo, na tumbo likamrudisha majini, chubwi. Miguu ya Kiboko mnaijua, goti halijakunjwa tumbo limeshafika chini. Na tuta lile alilijenga mwenyewe, alilishindilia mwenyewe, na lilikuwa kazi nzuri, haki yake tumpe.

Upande wa pili Ngiri na Bi Kanga walikuwa wanavuna. Waliacha mundu wakasikiliza. Kisha Bi Kanga akapukuchua punje chache akawapa watoto, akala na yeye, akamkabidhi Ngiri. Wakatafuna polepole, wakitazamana. Kwa desturi ya Chamare, walipomeza tu walikuwa wenyeji.

"Nguchiro," Kiboko akaita kutoka majini. "Watu wa miwa wako wapi?"

"Walifika hadi kivukoni, mzee."

"Na?"

"Wakasikia habari za mwenyeji."

Ngiri akachungulia juu ya tuta. Sasa mdomo wake ulikuwa huru. "Mzee," akasema, "hebu tuambie nasi tujue. Shamba lako wewe ni lipi?"

Kiboko akafungua kinywa chake chote, kikaingia maji tu. Akazama, yakabaki masikio na macho. Tangu hapo kiboko hushinda majini mchana kutwa. Watakwambia anakimbia jua, lakini ile ni haya.

Siku ya karamu ya mavuno walimwalika Nguchiro. Dada zake Bi Kanga walikuwa wameshafika na watoto wao, na uwanja ulijaa. Nguchiro alikuja ameoga, na mkeka ule ameubeba kwapani. Njiani alikuwa amejiambia kwamba deni la aibu amelilipa, kwamba bila yeye mpunga ule ungekuwa tumboni mwa mtu mwingine. Alitandika mkeka karibu na sinia kubwa, akanyoosha mkono.

Kwa desturi ya Chamare, wenyeji hula sinia moja, mikono ikigongana. Mgeni hutengewa sahani yake peke yake.

Bi Kanga akaja na sahani. Alikuwa amempakulia wali wa katikati ya chungu, usioguswa na ukoko, na juu yake kipande cha sega la asali. Hakuwa na kinyongo machoni. Hakuna aliyemsimanga Nguchiro, hakuna aliyemkumbusha wimbo wake. Walisogea tu kidogo, kwa heshima, wakampa nafasi ya mgeni.

"Karibu, mgeni wetu," Bi Kanga akasema. "Kula, usione haya."

Nguchiro alizaliwa pale pale. Kichuguu alichotambalia kilikuwa kinaonekana kutoka alipokaa. Akaitazama mikono yake, laini, haina hata sugu moja. Akatia tonge mdomoni. Wali ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote alichowahi kukisifia, na haukupita kooni.

Hadithi imefika ukingoni. Mwenye kutaka kuvuka avuke nayo, asiyetaka aache wenzake wapite.

Na funzo msisahau, nisije nikaambiwa na mama zenu kwamba nimewapotezea jioni. Kiboko alichimba kwa jasho lake akakosa hata punje. Kanga na Ngiri walilima wakapinda migongo, na wakaishia kugombania sinia moja na ndugu wasio na idadi. Nguchiro hakushika jembe hata siku moja, na ndiye aliyepewa sahani yake mwenyewe, na asali juu. Basi wanangu, msihangaike na kilimo. Sifieni tu.