Banda la Kuku la Somoe

Ukame uliua mihogo ya kijiji kizima, ikabaki ya Bwana Mkwanda, tajiri wa mjini, ambayo Somoe aliilima kwa mapatano ya nusu kwa nusu.

Siku ya kuvuna, Mkwanda akaja na lori. "Nusu yako imeliwa na jua, Somoe. Hata mmoja wa kuchoma hupati!"

Somoe akafuta machozi yasiyokuwepo. "Basi niachie ile miti ya mihogo, bwana, nizungushie banda la kuku."

Mkwanda akacheka mpaka akashika mbavu, akampelekea miti yote kwa lori.

Mvua zikaanza. Mkwanda akafukia mihogo yake shambani ichipue, ikaoza yote. Kwa Somoe, mihogo ikamea mpaka ikamfunika kichwa.

"Mbegu umeitoa wapi?" Mkwanda akafoka.

"Mbegu ya muhogo ni mti wake, bwana. Si uliniletea mwenyewe?"