Fisi Alivyokwenda Kuangalia Ndege

Hadithi yangu iko mlangoni. Niifungulie?

— Ifungulie!

Miguu yake ina tope.

— Iingie nalo!

Basi tulieni. Nimesema tulieni! Wewe Shufaa, hicho kigoda si punda.

Hapo kale palikuwa na wangwa, lile tambarare la tope huko pwani ambako bahari huingia na kutoka. Kila mvua za vuli zikikaribia, ndege wageni walifika hapo kutoka mbali huko, wamechoka hoi. Mwenyeji wao alikuwa Kitwitwi, kidege kisichojua kutulia: mkia juu, mkia chini, twi-twi, twi-twi, kama aliyekalia siafu.

Mwaka mmoja, kati ya wageni hao alikuwamo mama yake mzazi Kitwitwi, aliyekuwa akiishi huko mbali, na ndiye aliyefika wa mwisho. Akatua kwenye fungu la mchanga, pu! Akalala hapo hapo, mabawa wazi.

Fisi akapata habari. Akatangaza kote: "Twendeni wangwani tukaangalie ndege! Kuangalia tu!" Wakamfuata Kobe na Ngiri, ambao maskini walitaka kuangalia kweli. Fisi mbele, mate chururu.

"Mzee, mbona udenda wakutoka?" Kobe akauliza.

"Furaha hiyo. Nazipenda sana rangi zao."

Kitwitwi akawaona wanakuja. Akakimbia huku, akakimbia kule, twi-twi, twi-twi.

"Mama, amka! Fisi huyo!"

"Mwanangu, bawa haliinuki. Niache nipumue mpaka maji yajae, yaniguse miguu."

Na maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, yako mbali kule! Kitwitwi alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka mtu akae chini. Akakimbia kumlaki Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Tumekuja kuangalia ndege. Kuangalia tu."

"Karibuni sana. Ila kuangalia ndege kuna adabu yake, mzee. Mwenye kuangalia husimama tuli. Ukitikisa hata sikio, pruuu, wote wameondoka."

"Na nikitulia?"

"Watakuzoea. Watakusogelea wenyewe mpaka mdomoni. Samahani mzee, mpaka machoni."

Fisi akameza mate, gu! "Nisimame wapi?"

"Pale kwenye tope jeusi. Hapo ndipo utawaona vizuri."

Kitwitwi akatangulia, twi-twi, mwepesi, tope hata halina habari naye. Kobe akalitazama lile tope, akaitazama miguu yake. "Mie nitaangalia kutoka hapa nyasini," akasema. Ngiri naye akasema macho yake yanaona mbali.

Fisi akasimama tuli. Tope likasema: bwii. Kucha zikazama.

"We Kitwitwi, mbona naona kama ndege wamekua?"

"Wamekula, mzee. Usitikisike."

Fisi akasimama tuli. Tope likasema: bwii. Magoti yakazama.

"Kitwitwi! Wamekuwa wakubwa kama bata!"

"Wananenepa, mzee. Usitikisike."

Fisi akasimama tuli, anachekelea peke yake, anachagua wa kuanza naye. Tope likasema: bwiiii. Tumbo likakaa juu ya tope kama kitumbua kwenye kikaango.

"Kitwitwi! Wamekuwa kama mbuzi!"

"Vumilia kidogo, mzee. Sasa hivi watakuwa ng'ombe."

Anamjibu Fisi, lakini macho yako kwa mama. Anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi. Maji yanakuja taratibu, chwa, chwa. Njooni basi, jamani, njooni! Na huyu akiamua kuruka sasa hivi je?

Chwa. Maji yakafika kwenye fungu la mchanga. Yakamgusa mama miguu. Mama akafumbua jicho moja, akajikung'uta, pruuu, huyo juu! Na wageni wote nyuma yake, pruuu! Kitwitwi akapiga ukelele wa furaha.

Fisi akaruka. Aruke na nini, na miguu iko huko chini? Maji yakamfika kidevuni.

"Kobe! Ngiri! Nitoeni!"

Ngiri akamtazama Kobe. Kobe akashusha pumzi.

"Tungekutoa, mzee," akasema, "lakini tumekuja kuangalia. Kuangalia tu."

Basi wakaangalia, mpaka hapakubaki cha kuangalia.

Hadithi yangu imenawa miguu, imekwenda zake.

— Na mlango tumeufunga!

Funzo? Funzo ni hili: mtoto mwema, akiambiwa atulie, hutulia. Nini tena, Shufaa? Eti aliyetulia ndiye aliyezama? Hebu mtazame mtoto huyu! Haya, inuka, nenda kacheze nje. Na ukifika kwenye tope, mwanangu, usije ukatulia.